Jimbo Linapoikataa Sheria ya Washington: Bunduki, Polisi na Mpaka Uliowekwa na Mahakama

Juni 12, 2021, Gavana Mike Parson wa Missouri alifika kwenye duka la bunduki mjini Lee's Summit, jirani na Kansas City, akatia saini sheria ambayo wabunge wa chama chake walikuwa wakiitafuta kwa miaka minane. Mwaka 2013 mswada wa aina hiyo ulipita bungeni, gavana wa wakati huo, Jay Nixon, akaukataa, na Seneti ya jimbo ikapungukiwa kura moja tu ya kumshinda. Safari hii hakukuwa na gavana wa kuuzuia.

Sheria hiyo inajulikana kwa kifupi kama SAPA, yaani sheria ya kuyahifadhi Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayompa raia wa Marekani haki ya kumiliki na kubeba silaha. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa tamko. Kodi maalumu za silaha, uandikishaji wa bunduki au wamiliki wake, na makatazo ya kumiliki au kuuziana silaha kwa raia watiifu, vyote hivyo vikitoka kwa serikali ya shirikisho, vilitajwa kuwa uvunjaji wa Katiba, batili ndani ya Missouri, visivyotambuliwa. La pili lilikuwa adhabu. Idara ya polisi ambayo mtumishi wake angesaidia kuzitekeleza sheria hizo ingeweza kushtakiwa na mtu binafsi na kutozwa dola 50,000 kwa kila tukio, na kinga ambayo vyombo vya serikali hujitetea nayo mahakamani iliondolewa. Hata kumwajiri mtu aliyewahi kuzitekeleza akiwa mtumishi wa Washington, yaani wa serikali ya shirikisho, kuliwekewa dola 50,000 nyingine.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Tanzania ina Jeshi la Polisi moja chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Kenya imegatua mengi kwenda kaunti, lakini polisi wamebaki wa taifa. Marekani haina mkuu mmoja wa polisi. Ina vyombo vya polisi takriban 18,000: vya miji, vya kaunti vinavyoongozwa na masherifu wanaochaguliwa kwa kura, na vya majimbo. Polisi hao wa chini ni zaidi ya laki saba. Idara ya shirikisho inayosimamia sheria za silaha, ATF, ina wafanyakazi takriban 5,000 kwa nchi nzima, makarani na wataalamu wa maabara wakiwa humohumo. Kwa hiyo sheria ya bunduki iliyotungwa Washington humfikia mtu wa kijijini Missouri kupitia mikono ya polisi wa hapo kijijini. Polisi huyo akiondoa mkono, sheria inabaki kitabuni huku utekelezaji wake ukipooza.

Je, jimbo lina ruhusa ya kuuondoa mkono huo? Ndiyo, lina ruhusa, na ruhusa yenyewe ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Je, jimbo linaweza kuitangaza sheria ya shirikisho kuwa si sheria? Hapana, haliwezi kabisa. Mahakama zimeyatenganisha mambo haya mawili kwa zaidi ya miaka 180, na wanasiasa wamekuwa wakiyachanganya kwa muda huohuo, wengine kwa kutojua, wengine kwa sababu tamko kali linaleta kura kuliko uamuzi wa kimya wa kutotuma polisi. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu mchanganyo huo umeshawatia watu wa kawaida hatiani.

Masherifu wawili dhidi ya Washington

Machi 30, 1981, mtu mwenye bastola alimfyatulia risasi Rais Ronald Reagan nje ya hoteli jijini Washington. Rais alipona. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani na akaishi na ulemavu hadi mwisho wa maisha yake. Yeye na mkewe Sarah walipigania kwa miaka mingi sheria ya kumchunguza mnunuzi kabla hajakabidhiwa bastola, na mwaka 1993 Rais Bill Clinton akaitia saini sheria iliyobeba jina la Brady.

Sheria ilikuwa na tatizo la vitendo. Mfumo wa kompyuta wa nchi nzima wa kuangalia rekodi za wanunuzi haukuwa tayari. Kwa muda wa mpito, Bunge likamwagiza mkuu wa polisi wa kila eneo afanye uchunguzi huo ndani ya siku tano za kazi. Masherifu wawili, Jay Printz wa kaunti ya Ravalli, Montana, na Richard Mack wa kaunti ya Graham, Arizona, wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa fupi: sisi tumechaguliwa na watu wa kaunti zetu na tunalipwa nao, Washington imepata wapi mamlaka ya kutupangia kazi?

Juni 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Antonin Scalia, mhafidhina mashuhuri, aliandika kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuwaamuru maafisa wa majimbo watekeleze mpango wake. Msingi ulikuwa umeshawekwa mwaka 1992 katika kesi ya New York kuhusu taka za nyuklia, ambapo Mahakama ilisema Bunge haliwezi kulilazimisha jimbo litunge sheria. Kesi ya Printz ikaongeza kwamba hata watumishi wa jimbo hawawezi kukodishwa kwa nguvu.

Katika hukumu hiyo kuna hoja moja inayostahili kutazamwa kwa makini, hata na mtu asiyempenda Scalia. Bunge likiweza kuwatumia polisi wa majimbo bila malipo, wabunge watajivunia kutatua tatizo bila kutoa senti, na lawama za kazi mbaya zitamwangukia sherifu ambaye hakuitunga sheria hiyo. Mpiga kura hatajua nani wa kumwajibisha. Hoja hii ina nguvu popote penye ngazi mbili za serikali.

Lakini tuangalie kile ambacho hukumu haikusema. Haikusema kwamba sheria ya Brady ni batili. Wauza bunduki walibaki na wajibu wao, wasiostahili silaha walibaki hawastahili, na maajenti wa shirikisho walibaki na mamlaka ya kukamata. Novemba 1998 mfumo wa kompyuta wa taifa ukaanza kazi chini ya FBI na uchunguzi ukaendelea. Masherifu walishinda haki ya kutoifanya kazi ile wao wenyewe, basi. Wengi waliosherehekea ushindi huo walisikia zaidi ya kilichoandikwa.

Mwaka 2018 Mahakama ilirudia msimamo huo katika kesi ya kamari ya michezo huko New Jersey, safari hii kwa hukumu ya Jaji Samuel Alito: Bunge haliwezi kuliamuru jimbo lifanye jambo, wala kuliamuru lisitunge sheria fulani. Kanuni hiyo leo haina utata mkubwa.

Kanuni iliyozaliwa na utumwa

Mizizi ya haya yote haiko kwenye bunduki. Iko kwenye minyororo.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1793 ilimruhusu mwenye watumwa amfuate aliyetoroka hadi jimbo huru, amkamate na kumrudisha. Pennsylvania ilijaribu kuwalinda watu weusi kwa kumtia hatiani yeyote anayewateka na kuwapeleka kusini. Mwaka 1842, katika kesi ya Prigg, Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo ya Pennsylvania. Jaji Joseph Story, hata hivyo, aliacha mlango mmoja wazi: majimbo hayawezi kuizuia sheria ya shirikisho, lakini wajibu wa kuitekeleza ni wa shirikisho lenyewe. Majimbo kadhaa ya kaskazini yaliupitia mlango huo mara moja. Yaliwakataza maafisa wao kuwakamata waliotoroka, na yakafunga magereza yao yasitumike kuwashikilia. Yalikataa kusaidia, na hayo yalikuwa halali.

Bunge lilijibu mwaka 1850 kwa sheria kali zaidi, yenye makamishna wa shirikisho na adhabu kwa raia aliyesaidia mtoro. Hapo ndipo Wisconsin ilipovuka hatua moja mbele. Machi 1854, Joshua Glover, aliyekuwa amekimbia utumwa St. Louis, alikamatwa, akafungwa jela mjini Milwaukee. Umati ukavunja jela, akatoroshwa hadi Canada na kuishi huru. Mhariri wa gazeti, Sherman Booth, alishtakiwa kwa kuchochea uokozi huo. Mahakama ya juu ya Wisconsin ikamwachia huru na kuitangaza sheria ya shirikisho kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote wakikubaliana, iliibatilisha hukumu hiyo: hakuna jimbo linaloweza kuamua kwamba sheria ya shirikisho haifanyi kazi ndani ya mipaka yake.

Hukumu hiyo inauma kuisoma. Sheria iliyokuwa ikilindwa ilikuwa ya kishetani, na Jaji Mkuu aliyeiandika, Roger Taney, ndiye yuleyule ambaye miaka miwili kabla, katika kesi ya Dred Scott, alisema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Siwezi kuwalaumu watu wa Milwaukee waliovunja ile jela. Walimtoa mtu utumwani. Lakini kanuni yenyewe imekuja kuwatumikia pia wajukuu wa watumwa. Mwaka 1958, Arkansas ilipodai kwamba haifungwi na hukumu ya kuondoa ubaguzi shuleni, Mahakama ya Juu iliirejea kesi hiyo ya Wisconsin na kuwaambia viongozi wa Arkansas kwamba Katiba inawafunga. Watoto weusi wa Little Rock waliingia darasani kwa nguvu ya kanuni ileile.

Ndiyo maana nasita ninaposikia mtu akisema upinzani wa majimbo ni jambo jema, au ni jambo baya, kwa ujumla wake. Chombo hiki kimeshikwa na waliopinga utumwa na kimeshikwa na waliopinga usawa. Inabidi kila mara tuulize jimbo limefanya nini hasa: limeondoa mkono wake, au limejitwalia kiti cha hakimu?

Bunduki isiyovuka mpaka wa jimbo

Kabla ya Missouri, wapinzani wa sheria za bunduki walijaribu njia nyingine. Mamlaka ya Bunge la Marekani juu ya silaha yanategemea sana kifungu cha Katiba kinacholiruhusu kusimamia biashara kati ya jimbo na jimbo. Montana mwaka 2009 ikatunga sheria kwamba bunduki iliyotengenezwa Montana, ikapigwa chapa ya Montana na kubaki Montana, haihusiani na biashara hiyo, kwa hiyo Washington haina neno juu yake.

Hoja inaonekana ina mantiki mpaka ukutane na kesi mbili. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ilisema hata mkulima anayelima ngano ya kulisha nyumba yake anaweza kudhibitiwa, kwa kuwa wakulima kama yeye wakijumlishwa wanaigusa bei ya ngano nchi nzima. Mwaka 2005 ikasema hivyohivyo kuhusu bangi iliyopandwa nyumbani California kwa matibabu. Ikiwa ngano na bangi za uani zinahesabiwa, bunduki ya kuuza haiwezi kuepuka. Mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Tisa, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho zilizogawanywa kwa kanda, iliikataa hoja ya Montana mwaka 2013, na Mahakama ya Juu haikutaka kuisikiliza rufaa. Kesi ile ilifunguliwa kabla mtu yeyote hajakamatwa, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Kansas mambo yalikuwa tofauti. Mwaka huohuo wa 2013, Gavana Sam Brownback alitia saini sheria iliyofanana na ya Montana na kuizidi: afisa wa shirikisho ambaye angetekeleza sheria ya Washington dhidi ya silaha iliyotengenezwa Kansas angekuwa ametenda kosa la jinai. Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Eric Holder, alimwandikia gavana kumwonya kwamba sheria hiyo haiwezi kusimama. Kansas ikaiacha kama ilivyo.

Katika mji mdogo wa Chanute palikuwa na duka la vifaa vya kijeshi. Mwenye duka alitengeneza vifaa vya kupunguza mlio wa risasi, akaviuza bila kuviandikisha kwa serikali ya shirikisho kama sheria ya mwaka 1934 inavyodai. Nakala ya sheria ya jimbo ilikuwa pale dukani, wateja waione. Mteja mmoja, mwanajeshi wa zamani, akanunua. Wote wawili walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho. Walijitetea kwamba waliliamini jimbo lao. Gavana na wabunge walikuwa wamewaambia kwamba jambo hilo ni halali. Novemba 2016 baraza la wazee wa mahakama likawatia hatiani. Jaji aliwapa muda wa matazamio badala ya kifungo. Mzunguko wa Kumi ukaithibitisha hukumu mwaka 2018, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kuipokea rufaa.

Kuwa mtu uliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la shirikisho huko Marekani kunakuondolea, miongoni mwa mambo mengine, haki ya kumiliki silaha. Hapo ndipo sheria ya kulinda haki ya silaha iliwafikisha. Gavana hakushtakiwa. Wabunge waliopiga kura ya ndiyo hawakushtakiwa. Kati ya kesi zote za mvutano huu, hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu walioahidi ulinzi walijua, au walikuwa na wanasheria wa kuwaambia, kwamba hawana ulinzi wa kutoa.

Yaliyotokea Missouri

Waandishi wa SAPA walijifunza kutoka Montana na Kansas. Hawakutishia kuwakamata maajenti wa shirikisho. Waliwageukia polisi wao wenyewe, wakitegemea Printz. Mawakili wa jimbo walisimama mahakamani wakisema: Mahakama ya Juu ilitupa haki ya kutosaidia, nasi tumeitumia, na sababu zetu za kutosaidia ni zetu.

Madhara yalionekana mapema. Kabla hata mwaka 2021 haujaisha, mkuu wa polisi wa O'Fallon alijiuzulu akisema lugha ya sheria hiyo ingewaweka polisi wake hatarini kwa kufanya kazi ya kawaida. Polisi wa barabara kuu wa jimbo waliwaondoa watu wao kwenye vikosi kazi vya pamoja na ATF. Baadhi ya idara zilisita kutumia kanzidata ya taifa inayolinganisha alama kwenye maganda ya risasi, ile inayowezesha mpelelezi kugundua kwamba bastola iliyopiga mtu Kansas City ndiyo iliyopiga mwingine wiki mbili kabla mtaa wa pili. Dola 50,000 kwa tukio moja ni fedha za kuiyumbisha idara ya mji mdogo, na hakuna mkuu wa polisi aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu. Chama cha wakuu wa polisi wa Missouri kiliomba sheria irekebishwe, na si watu wanaochukia bunduki hao.

Kulikuwa na jambo zito zaidi ambalo halikupewa nafasi ya kutosha kwenye mijadala. SAPA iliruhusu polisi washirikiane na shirikisho pale ambapo sheria ya jimbo yenyewe ina katazo linalofanana. Aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa, kwa mfano, anakatazwa silaha na Missouri pia. Lakini mwanamume aliyepatikana na hatia ndogo ya kumpiga mkewe anakatazwa silaha na sheria ya shirikisho ya mwaka 1996. Missouri haina katazo kama hilo. Kwa hiyo polisi aliyeitwa usiku kwenye nyumba hiyo, akaiona bastola mezani, alijikuta akijiuliza kama kumpigia simu ajenti wa ATF kutaigharimu idara yake dola 50,000. Mwanamke aliyempigia polisi simu alihitaji wafike wakiwa na akili moja tu, ya usalama wake.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua shauri Februari 2022. Machi 2023 Jaji Brian Wimes wa mahakama ya shirikisho alitamka kwamba SAPA yote inakiuka Ibara ya Sita ya Katiba, ile inayosema Katiba na sheria za Marekani ndizo sheria kuu za nchi na majaji wa kila jimbo wanafungwa nazo. Missouri iliomba hukumu hiyo isimamishwe wakati rufaa ikisubiriwa. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ilikataa ombi hilo. Jaji Clarence Thomas peke yake ndiye aliyeandikwa kuwa angelikubali. Jaji Neil Gorsuch, akiungwa mkono na Alito, aliongeza maneno machache kuonyesha kwamba amri ya zuio inaligusa jimbo na maafisa wake, na haiwafungi watu binafsi wasio sehemu ya kesi.

Angalizo hilo lilikuwa na maana. Missouri ilidai kwamba serikali ya shirikisho haina haki ya kulishtaki jimbo, kwa sababu wanaoitekeleza SAPA ni raia wanaofungua mashauri ya madai, na kumzuia gavana hakutamzuia raia. Mbinu ya kukabidhi utekelezaji kwa watu binafsi ndiyo Texas iliyoitumia mwaka huohuo wa 2021 katika sheria yake ya kuzuia utoaji mimba, na iliisaidia sana mahakamani. Missouri haikufua dafu nayo. Majaji waliona kwamba maafisa wa jimbo wenyewe walikuwa wameitii SAPA na kujitoa kwenye ushirikiano kwa sababu yake, na kuwazuia wasiitii kungeondoa sehemu ya madhara.

Agosti 26, 2024, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane ilitoa jibu lake kwa kalamu ya Jaji Mkuu wa mzunguko huo, Steven Colloton, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush. Alikubali sehemu kubwa ya hoja ya Missouri: jimbo lina haki ya kulinyima shirikisho msaada wake. Kisha akaonyesha palipoharibika. SAPA haikusema tu kwamba polisi wetu wasitumike. Ilisema sheria hizi ni batili, na adhabu zote zilijengwa juu ya ubatili huo. Kuwa na haki ya kunyima msaada, alieleza, hakulipi jimbo ruhusa ya kufanya hivyo kwa kudai kwamba limeifuta sheria ya shirikisho. Likitaka kunyima msaada, litafute njia iliyo halali. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya mwisho ya Missouri.

Wapo wanaosema hukumu hii ni ya maneno matupu: jimbo lifute sentensi chache na lipate matokeo yaleyale. Sikubaliani nao kikamilifu. Raia anayesoma kwamba sheria ni batili anafanya maamuzi tofauti na raia anayesoma kwamba polisi wa kaunti hawatashiriki. Wa kwanza anaweza kununua kifaa asichoruhusiwa akidhani yuko salama. Chanute ilitufundisha hilo. Hata polisi anayesoma kwamba sheria fulani haitambuliki hapa anabaki bila kujua afuate kiapo kipi, maana anaapa kuitetea Katiba ya Marekani na ya jimbo lake pia.

Njia zilizobaki

Majimbo mengine yalikuwa yakiangalia. Texas mwaka 2021 ilichagua njia ya fedha: mji au kaunti inayosaidia kutekeleza masharti mapya ya shirikisho kuhusu silaha, yaliyoanza Januari 19, 2021 au baadaye na ambayo hayamo katika sheria za Texas, inaweza kunyimwa ruzuku ya jimbo. Hakuna tamko kwamba sheria ya Washington imekufa. Hilo linakaa karibu sana na Printz, na ni gumu kulishambulia. Wyoming mwaka 2022 iliwakataza maafisa wake kutumia rasilimali za jimbo kutekeleza hatua za shirikisho zinazokiuka haki ya silaha, kwa tishio la faini na kifungo kwa afisa mwenyewe. Ugumu wa njia hiyo ni kwamba afisa anatakiwa aamue barabarani lipi linakiuka Katiba, jambo ambalo majaji tisa wa Mahakama ya Juu hulipigia kura wakigawanyika.

Kaunti nazo zimejitangaza kuwa hifadhi za Marekebisho ya Pili, yaani maeneo yasiyotaka kutekeleza sheria za bunduki. Virginia zilienea kama moto baada ya uchaguzi wa Novemba 2019. Nyingi za hatua hizo ni maazimio yasiyo na nguvu ya kisheria. Pale zilipopata nguvu, zilianguka haraka, kwa sababu kaunti haina ulinzi wa Printz dhidi ya jimbo lake. Kaunti ni mtoto wa jimbo. Kaunti ya Columbia huko Oregon ilipiga marufuku utekelezaji wa karibu sheria zote za silaha, za jimbo na za shirikisho. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Oregon ikaifuta amri hiyo.

Na upo upande wa pili wa shilingi, unaowagusa moja kwa moja wengi wanaosoma Kiswahili wakiwa Marekani. California ilitunga sheria mwaka 2017 inayowazuia polisi wake kushirikiana na maafisa wa uhamiaji katika mambo mengi. Utawala wa Rais Donald Trump ukaishtaki. Mwaka 2019 Mzunguko wa Tisa uliiruhusu sehemu kubwa ya sheria hiyo ibaki, ukitegemea Printz, ile kesi ya masherifu wa bunduki. California haikusema sheria za uhamiaji ni batili. Ilisema tu kwamba polisi wetu hawatafanya kazi hiyo. Anayefurahia ulinzi huo akiishi Los Angeles hawezi kudai Texas inyimwe, na anayeipenda SAPA hana msingi wa kuilaani California kwa kufanya kwa uangalifu kile ambacho Missouri ilikifanya kwa pupa.

Kuna suala moja ambalo hukumu ya rufaa haikulitatua kwa kina: lile la kuiadhibu idara inayowaajiri waliowahi kufanya kazi ya shirikisho. Jaji Wimes alisema kwamba hilo ni ubaguzi dhidi ya serikali ya shirikisho na watumishi wake, na Mahakama ya Juu mwaka 2022, katika kesi ya jimbo la Washington kuhusu fidia za wafanyakazi wa eneo la nyuklia la Hanford, ilithibitisha kwa kauli moja kwamba jimbo haliwezi kuwatoza mzigo maalumu watu kwa sababu tu wanafanya kazi ya shirikisho. Jimbo litakaloandika SAPA mpya bila tamko la ubatili, lakini likabakiza kifungu hicho cha ajira, litakuwa limejitafutia kesi nyingine.

Kwa sasa polisi wa Missouri wanaweza kurudi kwenye vikosi kazi bila kuihofia ile faini. Pengo la sheria ya jimbo kuhusu wanaowapiga wake zao halijazibwa na hukumu yoyote, kwa kuwa hakuna mahakama iliyoombwa ilizibe. Juni 2024, katika kesi ya Rahimi kutoka Texas, Mahakama ya Juu ilikubali kwa kura nane dhidi ya moja kwamba shirikisho linaweza kumnyang'anya silaha mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake. Katazo hilo la wenye amri ya mahakama lipo na limepita mtihani wa Marekebisho ya Pili. Bunge la Missouri, Jefferson City, linaweza kuandika la kwake wakati wowote, kwa kura za wabunge walewale walioipitisha SAPA, na sherifu wa kaunti ambako ajenti wa ATF wa karibu yuko mwendo wa saa mbili kwa gari angekuwa na sheria ya jimbo lake mwenyewe mkononi.